Majina ya Baada ya Kengele

Kalenda ile tulipewa na jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa Puerto Rico, tulipokuwa tukiishi Lower West Side mjini Buffalo. Ilikuwa na picha za makanisa ya kale ambayo wamisionari wa Kihispania waliyajenga huko Texas: kuta za mawe, milango ya matao, minara ya kengele. Mama yangu aliibandika kwenye friji. Ulipofika mwezi wa tatu akakuta picha aliyoipenda, na tangu hapo jikoni kwetu hapakuwa tena na Aprili wala Mei. Ukitaka kujua tarehe, uangalie simu yako.

"Hapa njo kwetu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambamo "njo" ni "ndiyo", akiigusa picha kwa kidole.

Nilimweleza kwamba hapo ni Texas, na waliojenga ni Wahispania, tena zamani mno, kabla hata babu yake hajazaliwa. Mama alizaliwa kwenye misheni ya Wakatoliki huko milimani Kivu. Alibatizwa pale, akasomea pale, akawafulia masista nguo pale mpaka siku aliyoolewa. Kwake ukuta wa misheni ni ukuta wa misheni, awe ameujenga Mbelgiji au Mhispania.

Misa aliijua nje ndani. Padri wetu wa Buffalo alichanganya Kiingereza na Kihispania, lugha mbili ambazo mama hakuzijua, lakini sikumbuki siku hata moja alipopotea. Alijua lini apige magoti, lini asimame, na lini amfinye binti yangu. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja na alipenda kuchezea zipu ya koti lake, hasa katikati ya misa, pale mtumishi wa altareni anapopiga kengele ndogo padri akiinua hostia.

"Sikia kengele," bibi yake alimnong'oneza. "Majina yenye padri anataja mbele ya kengele, ni ya wazima. Yenye anataja nyuma ya kengele, ni ya wenye walikufa. Masista njo walitufundisha vile."

Binti yangu alijibu kwa Kiingereza kwamba amesikia, akaendelea na zipu yake.

Mimi si mtu wa kuhiji. Nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Tonawanda, saa kumi kwa siku nikiwa nimesimama, na wiki moja ya Julai kiwanda kilipofungwa nilitaka kitu kimoja tu: kulala. Mama alinisihi miaka miwili nimpeleke kwenye makanisa yale nikawa namzungusha. Mwaka ule sikuweza kumkatalia, kwa sababu alikuwa anakwenda kumwombea kitinda mimba wake, na kwa sababu mimi nilikuwa na jambo langu ambalo hakulijua.

Mdogo wangu alikuwa amebaki kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, faili lake lilitengana na letu zamani. Mwaka ule jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaokuja Marekani. Waliopita kambini wanaelewa uzito wa maneno hayo: karatasi inabandikwa ubaoni, watu wanasukumana, na mtu mmoja anatoka akipiga kelele za furaha. Alibakiza vipimo vya afya na safari. Mama alimwambia kwenye simu asisogee kambini hata hatua moja. Lakini yeye alitaka kwanza kuvuka ziwa arudi Kongo kuliaga kaburi la baba, maana kwetu mtu hahami nchi bila kumuaga mzazi aliye ardhini, na sisi wengine tulikuwa tumekimbia usiku bila kuaga.

Asubuhi moja, mama akiwa kanisani, nilimpigia mdogo wangu nikiwa jikoni, uso kwa uso na kalenda ile. Nilimwambia, "Nenda. Umuage kwa niaba yetu sote. Mama hana haja ya kujua." Nilisema kwa sauti ya dada mkubwa, ile ambayo haiulizi. Akacheka, akasema sawa dada.

Alivuka. Alipiga simu mara moja kutoka upande wa pili, akampata mama kwanza, na siri ikawa imetoka kwamba amekwenda, ila si kwamba nimemtuma. Baada ya hapo simu yake ikanyamaza. Siku ya kwanza nilisema ni betri. Siku ya pili nikasema ni mtandao. Tulipopakia mizigo Jumamosi ilikuwa siku ya nne, na kope la chini la jicho langu la kushoto lilikuwa likicheza tangu asubuhi. Wanaojua mambo hayo wanasema kope la chini ni la machozi. Nililibonyeza kwa kidole nikawasha gari.

Mume wangu hakupata ruhusa kwenye bohari lao kule Cheektowaga. Tukawa watatu: mama mbele na rozari yake, binti yangu nyuma na vitu vyake masikioni, mimi kwenye usukani.

Mpango ulikuwa kulala Columbus kwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, kisha Louisville kwa mjomba, kaka yao mkubwa, halafu kuendelea hadi Texas. Tulifika Columbus mchana. Mama mdogo alifungua mlango kabla hatujagonga, akamkumbatia mama muda mrefu, akicheka. Alicheka kuliko ilivyopasa. Nilipovuka kizingiti nikaona sebule haina makochi. Yalikuwa yamepandanishwa kule barazani, yamefunikwa turubai. Televisheni ilikuwa imetandikwa kitenge. Kwenye kona viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa vikafika kifuani kwangu, na jikoni kulikuwa na sufuria lile la sherehe ambalo watu wawili hawawezi kulimaliza.

Mtu wa kwetu akiona sebule iliyoondolewa makochi hahitaji kuambiwa. Makochi huondolewa ili waombolezaji walale chini.

"Makochi iko wapi?" mama aliuliza.

"Tunaosha tapi, dada," mama mdogo alijibu. "Bon, mukae kwanza, mumechoka."

Zulia lilikuwa kavu. Nililikanyaga kwa soksi, lilikuwa kavu kama unga.

Alitukalisha kwenye viti vya plastiki, akatuletea kuku, samaki, sombe ya majani ya muhogo, ugali, vyote kwa pamoja. Mama alikula vizuri, akamtania mdogo wake kwamba maisha ya Columbus yamemfanya tajiri wa kuku. Mama mdogo alimwekea paja la pili. Mchuzi ukamwagika, akaufuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, kitambaa cheusi, wakati mama mdogo ninayemjua mimi havai cheusi hata kwenye mazishi ya wakwe.

Kisha akaniomba nimsaidie kushusha nguo za kufua. Chumba cha mashine za kufulia kilikuwa chini ya jengo. Aliwasha mashine tupu ili ipige kelele, akanishika mabega.

"Mudogo wako hayuko tena," alisema. "Batu ya bunduki balisimamisha gari mu njia, akitoka ku kaburi. Siku ya Alhamisi. Balisha kumuzika kesho yake, kule kule."

Sikulia. Nakumbuka niliangalia maji yakizunguka bila nguo nikafikiri, huyu mama anaharibu sabuni. Halafu nikakaa juu ya kikapu.

"Mama yako asijue," alisema. "Donc, hata kidogo. Iko na presha, na muko mu njia. Habari ya namna ile haiokotwe mu njia. Itakuwa ku nyumba yake. Kaka njo atasema."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Kwetu habari ya kifo ina utaratibu wake. Mtu huketishwa chini, akanywa maji, akazungukwa na watu wake. Kisha mkubwa wa ukoo anaanza mbali, toka mwanzo: mtu wenu alikuwa hivi, akaamka hivi, akasafiri hivi, mpaka msikilizaji anafika mwenyewe kwenye kile kilichotokea huku mikono ya watu ikiwa tayari kumdaka. Anayempasulia mtu msiba barabarani anahesabika kama aliyempiga kofi. Jumamosi ile asubuhi walikuwa wamekaa matanga sebuleni mle, watu arobaini, kisha wakatawanyika na kuficha kila kitu kwa sababu mama mfiwa alikuwa njiani anakuja kula kuku.

Nilipanda juu mikono mitupu. Mama akaniuliza nguo ziko wapi. Nikasema bado zinazunguka.

Louisville ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mjomba alikuwa mpole. Mjomba wangu ni mtu mkali. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa, na upole wake wote aliumalizia huko. Nyumbani alirudi na maagizo tu. Jumapili ile alimpa mama kitanda chake. Alimvua viatu kwa mikono yake. Alimsifia kitenge chake, kitenge cha maua mekundu na ya njano ambacho mama alikishona maalumu kwa safari.

"Kaka yangu iko mugonjwa," mama aliniambia tulipobaki wawili. "Hii upole, mimi sijawahi kuiona. Tumuombee na yeye."

Mjomba alichukua simu ya mama akisema ataisafisha iache kuganda. Nilimwona akimtoa mama kwenye kundi la wakubwa wa familia, ambalo mimi simo na mama hulifungua tu akisaidiwa, na ambamo rambirambi zilikuwa zinamiminika tangu Ijumaa, moja juu ya nyingine. Alipomaliza akanirudishia bila kuniangalia.

Nilimfuata nje alipokuwa akikagua matairi ya gari langu. Nikamwambia nataka turudi Buffalo leo leo.

"Utamwambia sababu gani?"

"Gari limeharibika."

"Atauliza nani alikufa," mjomba alisema. "Mama yako haiko mutoto. Ukigeuza gari, umesha kumwambia. Enda naye ku makanisa yake, aombe. Jumapili yenye inakuja nitakuja mwenyewe ku Buffalo, na wakubwa wengine. Nitamukalisha chini, nitasema. Hii kazi si yako."

Akapiga teke tairi la nyuma, akarudi tena akalipiga, na nikaona analia. Nilitaka kumwambia kwamba kazi ile ilikuwa yangu kuliko ya mtu yeyote, kwamba ni mimi niliyemwambia kijana nenda. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, kwa woga tu, sitaki kuupaka rangi nyingine.

Kutoka Louisville hadi San Antonio ni siku mbili za barabara. Mama alisali rozari mafungu yote, akayarudia, na kila fungu alilitolea mwanawe: apate usafiri, arudi kambini salama, vipimo vyake vitoke vizuri, asiumwe malaria. Mimi nilipaswa kuitikia. Niliitikia. Kilomita baada ya kilomita niliomba pamoja naye ili mtu aliyekwisha kuzikwa asipate malaria. Kwenye kituo cha mafuta huko Arkansas nilijifungia chooni, nikajaza maji kwenye viganja nikazamisha uso. Nilipotoka binti yangu alikuwa mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nalia. Nikamwambia ni jua. Akaniangalia vile wanavyoangalia watoto waliolelewa huku, wanaoamini kwamba kila swali lina haki ya kujibiwa.

Mama alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alinunua kofia ya majani. Alihesabu ng'ombe. Jumanne jioni tulipoingia San Antonio alisema, "Nikirudi nitamwambia yote," na hakuhitaji kumtaja nani.

Jumatano tulikwenda kwenye makanisa. Yako kadhaa, yamefuatana kandokando ya mto, moja mbali kidogo na lingine, na joto la huko halina adabu. Tuliposhuka kwenye la kwanza mama hakutazama kanisa. Alisimama katikati ya uwanja ule mpana uliozungukwa na kuta, akageuka polepole, kisha akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Pale njo ghala," alisema. "Pale wanashonea, wanachonga mbao. Pale nyumba za watu wa kubatizwa, kila familia chumba kimoja, mulango unaangalia ndani ili padri aone. Maji inapita huku."

Binti yangu alikimbia kutoka bango hadi bango akisoma, na kila mara alirudi macho yamemtoka. Ghala lilikuwa pale. Karakana zilikuwa pale. Vyumba vya wenyeji waliobatizwa vilikuwa vimejengwa ndani ya ukuta wenyewe, milango ikitazama uwanjani. Mfereji ulipita kule kule. Akauliza bibi amewahi kufika huku lini.

"Nimezaliwa hapa," mama alisema, akacheka.

Mbele ya mlango wa kanisa alisimama ghafla, akakamata mkono wa mjukuu wake. "Tuzunguke. Hapa chini iko watu." Mimi niliona majani makavu tu na njia ya kokoto. Binti yangu akaenda kusoma bango lililokuwa pembeni, akarudi anatembea kwa vidole. Ni kweli, alisema, makaburi yalikuwa hapo mbele ya mlango, na wengi wa waliozikwa walikufa kwa magonjwa waliyoyakuta humu ndani, na wengi walikuwa watoto.

"Njo vile," mama alisema. "Na kwetu ilikuwa vile. Unaingia kuomba, unapita juu ya wenzako. Masista walisema wanatusikia."

Mama alikuwa amesoma sehemu ambayo hajawahi kuikanyaga, amepata kila kitu, hata wafu wasio na alama. Nikajiuliza uso wangu anausoma nini.

Kanisa la mwisho lilikuwa lile la mwezi wa tatu, la kalenda. Mbele ya mlango wake napo palikuwa na wafu wasio na alama, na mama akatuzungusha. Bado lilikuwa parokia; watu wa mtaa ule walisali pale siku zote. Mlangoni palikuwa na meza, na mama mmoja wa Kimeksiko, mzee, amekaa na daftari kubwa la nia za misa. Alitueleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba ukiandika jina leo, padri atalitaja kwenye misa ya kesho asubuhi. Ukurasa wa kushoto ni wa wazima, wagonjwa na wasafiri. Wa kulia ni wa marehemu. Kwa mama nilitafsiri nusu ya kwanza tu.

"Mwandike," mama alisema. "Jina lake la ubatizo, na la baba yake."

Nilishika kalamu. Nimefikiria dakika ile kwa miaka, na bado sina hakika kama nilichofanya kilikuwa upendo au uchovu. Niliona kwamba mdogo wangu amelala ardhini siku sita na hakuna mtu hata mmoja wa tumbo lake aliyemwombea kama anavyoombewa aliyekufa. Sisi tuliokuwa karibu zaidi tulikuwa tunamwombea asipate malaria. Kama kuna mahali anasubiri, basi anasubiri sala nyingine. Na mama hajui Kiingereza. Nikaandika jina lake ukurasa wa kulia, kwa herufi kubwa, mwandiko wangu mzuri kabisa.

Mama aliinama. Kusoma jina alijua, masista walimfundisha. Alilitafuta kwa kidole, akalipata, akalipapasa.

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika vizuri, mama."

Akambariki yule mama wa Kimeksiko kwa Kiswahili, naye akambariki kwa Kihispania.

Misa ya Alhamisi ilikuwa na watu wasiozidi ishirini, wengi wazee. Kanisa lilikuwa dogo ndani kuliko picha yake, lina harufu ya nta na mawe yaliyolala na unyevu. Mama alivaa kitenge chake cha maua. Alinishika mkono tangu mwanzo, akiwa na msisimko wa mtoto, anasubiri kusikia jina la mwanawe likisomwa ndani ya ukuta ule. Padri alisali kwa Kihispania. Sikuwa na wasiwasi wowote. Kumbukeni hilo mnaponihukumu: nilikaa pale nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu Columbus, nikidhani nimefanya jambo jema ambalo hakuna atakayelijua.

Padri akataja majina mawili au matatu. Mkono wa mama ukakaza. Jina letu halikuwamo. Akanigeukia, macho yanauliza, nami nikatikisa kichwa kwamba subiri. Nilimwambia asubiri. Mimi, ambaye nimekua nikisikia somo lile, ambaye nimemwona akimfinya binti yangu kwa ajili yake, sikukumbuka.

Mtumishi akapiga kengele. Padri akainua hostia. Kengele ikapigwa tena, kwa kikombe. Halafu padri akaendelea kusali, akavuta kikaratasi, akasoma majina. La tatu lilikuwa la mdogo wangu, na la baba yake.

Kwanza mkono wa mama ulibaki ulivyo. Kisha vidole vikaniachia, kimoja kimoja. Hakugeuka kunitazama. Aliangalia mbele, midomo ikitembea, na nikajua anapitia misa upya kichwani, toka mwanzo, anahakikisha kama kengele ilipigwa kweli au amekosea. Hakukosea. Watu waliposema amina alisema amina. Alikwenda kupokea komunyo, akarudi, akapiga magoti, mgongo wake umenyooka. Binti yangu alinivuta nguo akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, bibi ana nini.

Misa ilipokwisha mama alitoka mbele yetu. Hakuzunguka. Alipita katikati pale mbele ya mlango, juu ya wale wasio na alama, akaenda mpaka kwenye ukuta wa uwanja ambako palikuwa na kivuli chembamba. Akavua kofia ya majani. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akaketi chini kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele, vile wanavyoketi wafiwa. Mvi zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua.

Nilisimama mbele yake nikianza kueleza: kwamba mjomba alisema, kwamba Jumapili wangekuja wakubwa, kwamba presha, kwamba njiani.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Leo ya saba."

"Siku saba." Alishika ncha ya kitenge chake, akaangalia maua mekundu na ya njano. "Siku saba mutoto wangu iko mu udongo, na munanilisha kuku. Munanivalisha maua. Nilicheka, mama. Ulinisikia nikicheka, ukaniacha nicheke."

Yule mama mzee wa daftari alikuwa ametoka, akatuona, na bila kuuliza kitu akaleta glasi ya maji akaiweka chini karibu na mama. Binti yangu akaketi upande mmoja akamwegemea bibi yake. Nikaona kwamba utaratibu wote umetimia bila sisi kuupanga: amekaa chini, kuna maji, kuna mtu wa kumshika. Palikosekana mkubwa wa kusema, na mkubwa alikuwa Louisville.

"Kaa," mama aliniambia. "Nimesikia kwa mugeni. Sasa nisikie kwa mutu wangu. Sema kama vile wanasemaka. Anza mu mwanzo."

Nikakaa chini, nikamtazama usoni. Mwanzo wa habari ile haukuwa Kongo, wala barabarani, wala kwenye kaburi la baba. Ulikuwa jikoni kwangu Buffalo, asubuhi, yeye akiwa kanisani. Mama alikuwa anasubiri, kichwa wazi, mkono mmoja kwenye goti la mjukuu wake.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyempigia simu."